KING'ORA CHA UONGO KATIKA KIOO CHA KOMPYUTA

Kuna mwizi ambaye huja usiku akavunja mlango. Huyo anajulikana, na kila mwenye nyumba humwekea kufuli na komeo. Lakini yuko mwizi mwingine ambaye havunji kitu cho chote. Huja mchana, amevaa nadhifu, akapiga kelele uani, "Moto! Moto! Nyumba yenu inaungua!" Wenyeji hutoka mbio kwa hofu, wakamkabidhi funguo ili awasaidie kuokoa mali. Naye huingia taratibu, akachukua anachokitaka, kisha akashukuriwa kwa wema wake.

Mwizi huyu wa pili ndiye aliyejificha nyuma ya maonyo ya uongo yanayojitokeza katika vioo vya kompyuta na simu, yakidai kwamba chombo kimeshikwa na virusi. Siku hizi kompyuta imekwisha kuingia katika nyumba za watu wa kawaida. Watoto huisomea, akina mama huitumia kuweka hesabu za biashara na vikundi vyao. Kwa hiyo yafaa kila mwenye nyumba aijue hila hii kama ajuavyo kutambua noti bandia.

YALIYOMPATA MWEKA HAZINA

Mfano wa mama mmoja waeleza jambo hili barabara. Mama huyo ni mweka hazina wa kikundi cha akiba cha wanawake ishirini na wanne, katika mji mmoja wa wilaya nchini Uganda. Hesabu za kikundi huziandika katika kompyuta ya kukunja aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Jumapili moja jioni, mwanawe wa kidato cha pili aliiomba kompyuta hiyo ili atafute picha ya moyo wa binadamu kwa ajili ya somo la baiolojia. Alifungua ukurasa mmoja, ukampeleka katika ukurasa mwingine. Mara kioo chote kikawa chekundu. King'ora kikaanza kulia, na sauti ya mwanamke ikatangaza kwa Kiingereza kwamba kompyuta imeshikwa na virusi vitano, kwamba maneno yote ya siri yanaibwa wakati ule ule, na kwamba ye yote asithubutu kuizima. Chini yake palikuwa na namba ya simu iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa.

"Mama, kompyuta inakufa!" kijana alilia.

Mama hakuwaza kompyuta. Aliwaza mgao. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tu kabla ya wanachama kugawana akiba yao ya mwaka mzima, na hesabu zote, shilingi kwa shilingi, zilikuwa mle ndani. Hakuwa na nakala nyingine. Akaipiga ile namba.

Aliyejibu alikuwa mwanamume mwenye sauti ya upole, aliyejitambulisha kuwa fundi wa kampuni kubwa ya kompyuta. Alimwambia asiwe na wasiwasi, kisha akamwelekeza aingize programu ndogo. Punde si punde, mama aliuona mshale ukitembea wenyewe katika kioo. Fundi yule alimfungulia orodha ndefu ya alama nyekundu na za manjano, akamwambia kwamba kila alama ni uharibifu uliofanywa na virusi. Tiba ilikuwa shilingi 180,000, zipelekwe kwa namba ya simu ya mtu aliyeitwa wakala. Mama hakuwa na fedha hizo. Alizitoa katika fedha za kikundi zilizokuwa katika simu yake, akijiambia kwamba atazirudisha mwisho wa mwezi.

Fedha zilipokwisha kufika, fundi aliomba jambo moja zaidi: namba ya siri ya pesa za simu, ili kinga isajiliwe. Hapo kijana aliyekuwa amesimama kando akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mwalimu alituambia namba ya siri haombwi na mtu ye yote." Mama akakata simu. Akaichomoa kompyuta katika umeme, akaitoa na betri yake. Akaketi gizani.

VIRUSI VIPO, LAKINI ONYO NI PICHA TU

Virusi vya kompyuta si hadithi za kubuni. Ni programu zilizotungwa na watu, zenye uwezo wa kujinakili na kuingia katika kompyuta nyingine bila idhini ya mwenyewe. Kirusi cha kwanza kuenea katika kompyuta za aina ya IBM PC kiliitwa Brain, nacho kilitungwa mwaka 1986 na ndugu wawili katika mji wa Lahore, Pakistan. Ajabu ni kwamba ndugu hao waliandika ndani yake majina yao, anwani ya duka lao na namba zao za simu, ili aliyepatwa awatafute kwa tiba. Walaghai wa leo nao huweka namba ya simu, ila hawana anwani wala duka, na ugonjwa wanaodai kuutibu haupo.

Ukurasa wa intaneti hauna uwezo wa kuchunguza yaliyomo katika kompyuta ya mtu. Huonyeshwa na programu iitwayo kivinjari, na kivinjari kimetengenezwa makusudi ili kurasa zisiweze kupekua mafaili ya mwenye nyumba zipendavyo. Kwa hiyo ukurasa unaposema, "Tumechunguza kompyuta yako tukaona virusi vitano," unasema uongo. Ile mistari inayokimbia na ile hesabu inayopanda ni picha zilizochorwa kabla. Ndiyo maana mara nyingine mtu mwenye simu huonyeshwa onyo lenye sura ya kompyuta ya Windows, ingawa simu yake haina Windows kabisa.

Walaghai huongeza chumvi kwa kutaja jina la mji wa msomaji na namba ya anwani ya mtandao wake. Wengi hutetemeka hapo, wakidhani wamekwisha kuingiliwa. La hasha. Kila tovuti inayofunguliwa huiona anwani hiyo, kwa sababu bila hiyo haiwezi kujua ipeleke wapi ukurasa ulioombwa, na kutokana nayo huweza kukisia mji. Ni kama mpokea barua anavyouona mhuri wa posta juu ya bahasha. Kuuona mhuri si kuingia nyumbani kwa aliyeandika.

Na ile orodha ya alama nyekundu aliyoonyeshwa mama yule? Ni daftari ambamo Windows huandika matukio yake ya kila siku, makubwa na madogo. Kompyuta nzima isiyo na ugonjwa wo wote huwa na alama nyingi za namna hiyo.

BIASHARA ILIYOTAJIRISHA WALAGHAI

Hila hii si mchezo wa vijana wachache. Mwezi Desemba 2008, Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani ilikwenda mahakamani katika jimbo la Maryland kuishitaki kampuni iliyoitwa Innovative Marketing, iliyosajiliwa Belize na kuwa na ofisi Kiev, nchini Ukraine. Kwa maonyo ya uongo, kampuni hiyo na washirika wake waliwauzia watu zaidi ya milioni moja programu za kujifanya kinga, zikiwamo WinFixer na XP Antivirus. Mwaka 2012, mahakama iliamuru mmoja wa washitakiwa alipe zaidi ya dola milioni 163.

Wala mtu asidhani kwamba maonyo haya hutokea katika kurasa za aibu peke yake. Mwezi Septemba 2009, wasomaji wa tovuti ya gazeti la The New York Times waliona onyo la virusi likijitokeza katikati ya habari. Walaghai walikuwa wamenunua nafasi ya tangazo kwa kujifanya kampuni ya simu inayojulikana, kisha wakabadilisha tangazo lao. Mwaka 2011 ikaja zamu ya kompyuta za Mac, ambazo wenyewe walizoea kujivuna kwamba hazipatwi na virusi. Programu ya uongo iliyoitwa Mac Defender ilisumbua watu wengi hata kampuni ya Apple ikalazimika kutoa marekebisho mwishoni mwa mwezi Mei mwaka huo.

Hata makampuni yenye majengo na majina yamewahi kunaswa. Mwaka 2019, Office Depot, kampuni ya maduka ya vifaa vya ofisi nchini Marekani, pamoja na kampuni iitwayo Support.com, zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 baada ya kudaiwa kuwaonyesha wateja matokeo ya uongo ya uchunguzi wa kompyuta ili wanunue matengenezo. Mwaka 2024 makampuni mawili ya Cyprus, Restoro na Reimage, yalikubali kulipa dola milioni 26 kwa madai yanayofanana na hayo.

DALILI ZA KUMTAMBUA MLAGHAI

Ndugu msomaji, dalili zenyewe si nyingi, na mtu aweza kuzikariri kwa siku moja.

Ya kwanza ni namba ya simu. Kampuni ya Microsoft imetangaza wazi kwamba maonyo yake ya kweli hayabebi namba ya simu kamwe. Onyo lo lote linalosema "Piga simu sasa" ni la uongo, hata likiwa na nembo nzuri kiasi gani.

Ya pili ni haraka. King'ora, sauti inayotisha, saa inayohesabu dakika kurudi nyuma, na amri ya kutozima chombo, vyote vimewekwa ili mtu asipate nafasi ya kufikiri wala kumwuliza jirani. Kinga ya kweli haipigi kelele. Kwa kawaida hutoa taarifa fupi pembeni mwa kioo, na mara nyingi husema kwamba imekwisha kukishughulikia kilichoonekana.

Ya tatu ni mahali lilipo onyo. Likiwa ndani ya ukurasa wa kivinjari, halikutoka katika kompyuta. Mwenye shaka na afunge kivinjari, kisha afungue kwa mkono wake mwenyewe programu ya kinga aliyo nayo, aone kama inasema neno lile lile. Kompyuta zenye Windows 10 na Windows 11 huja na kinga yake bila malipo, katika sehemu ya usalama ya Windows.

Ya nne ni malipo. Anayeomba alipwe kwa kadi za zawadi, kwa vocha au kwa pesa za simu za mtu asiyejulikana, na hasa anayeuliza namba ya siri, huyo si fundi.

LA KUFANYA ONYO LINAPOJITOKEZA

Kwanza, mikono iondoke katika kompyuta, na pumzi zivutwe. Usibonyeze kitu cho chote ndani ya onyo lenyewe, hata ile alama ya kufungia, maana nayo yaweza kuwa imechorwa kama mtego. Usipige simu.

Pili, kifunge kivinjari chote. Onyo likiwa limejaza kioo kizima, bonyeza kitufe cha Esc, au F11, ili kioo kirudi katika hali yake. Katika Windows, vitufe vya Alt na F4 vikibonyezwa pamoja hufunga dirisha. Lisipofungika, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Orodha ya programu zinazofanya kazi itatokea, kichague kivinjari humo, ukikomeshe. Katika Mac, vitufe ni Command, Option na Esc. Na yote yakishindikana, ishikilie swichi ya kuwashia mpaka kompyuta izimike. Onyo lililokataza kuizima ndilo linaloogopa kuzimwa.

Tatu, unapokifungua kivinjari tena, kikiuliza kama kirudishe kurasa zilizokuwa wazi, kataa. Ukikubali, umemrudisha mgeni yule yule uliyemtoa mlangoni.

Nne, kama onyo hurudi kila siku, hata wakati ambapo hakuna ukurasa wo wote uliofunguliwa, mara nyingi sababu ni arifa. Zipo kurasa zinazomwambia mtu abonyeze neno Allow, yaani ruhusu, ili athibitishe kwamba yeye ni binadamu au ili aone sinema. Akibonyeza, ameipa tovuti hiyo ruhusa ya kumtumia ujumbe wakati wo wote. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya kivinjari, kuitafuta sehemu ya arifa za tovuti, na kuziondolea ruhusa tovuti zote zisizojulikana. Njia hii hufaa katika kompyuta na katika simu za Android pia.

Aliyeishia kuliona onyo tu, akalifunga, kwa kawaida hakupatwa na lo lote. Aliyepakua programu lakini hakuifungua, na aifute, kisha aiamuru kinga yake ichunguze kompyuta nzima.

Lakini aliyempa mlaghai nafasi ya kuiongoza kompyuta kutoka mbali ana kazi ya kufanya bila kuchelewa. Aikate kompyuta katika intaneti. Aiondoe programu aliyoingiziwa, au aipeleke kwa fundi anayeaminika. Programu za kuongozea kompyuta kutoka mbali zina kazi zake halali, ila katika mkono wa mwizi ni funguo za nyumba. Kisha, kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, abadilishe maneno yake ya siri, akianza na la barua pepe na la benki. Kama alilipa, aiarifu benki au kampuni ya simu saa ile ile, kwa namba anayoijua yeye mwenyewe, maana fedha zilizotumwa huweza kuzuiwa iwapo bado hazijatolewa. Na ajihadhari na simu ya pili: mara nyingi walaghai hurudi baada ya siku chache wakijidai kwamba wanataka kumrudishia mtu fedha zake.

Kisha aripoti polisi. Sheria zipo. Uganda ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, inayotaja ulaghai wa kielektroniki kuwa kosa. Tanzania ilitunga sheria yake ya makosa ya mtandao mwaka 2015, Kenya na Rwanda mwaka 2018, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipata sheria yake ya mambo ya kidijitali mwaka 2023. Aandike namba iliyopigiwa na namba iliyopelekewa fedha, na ahifadhi ujumbe wa malipo, kwani huo ndio ushahidi.

KINGA NDANI YA NYUMBA

Nyumba yenye kompyuta na iwe na desturi zake. Hesabu na nyaraka muhimu zinakiliwe kila wiki katika diski ndogo ya kuchomeka, na diski hiyo ichomolewe na kuwekwa kabatini. Aliye na nakala hatishwi kirahisi. Mtoto afunguliwe akaunti yake, isiyo na uwezo wa kuingiza programu mpya. Marekebisho ya programu yaruhusiwe kila yanapokuja. Wenye Windows 10 wakumbuke kwamba Microsoft ilikomesha huduma zake za kawaida kwa toleo hilo tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu mwaka huo wa 2025, vivinjari vya Chrome na Edge vimeanza kupewa uwezo wa kuyatambua baadhi ya maonyo ya uongo, lakini uwezo huo huwafaa wale tu wanaotumia matoleo mapya.

Zaidi ya yote, mtoto asichapwe wala asikaripiwe anapokuja kusema kwamba kioo kimegeuka rangi. Mtoto anayeogopa fimbo atabonyeza kila kitu ili onyo liondoke kabla mzazi hajafika.

MFICHA MARADHI

Mama mweka hazina alikaa siku tatu bila kumwambia mtu. Fundi wa mjini alipoifungua kompyuta hakukuta kirusi hata kimoja. Hesabu zote zilikuwa salama, kama zilivyokuwa Jumapili ile kabla ya king'ora kulia. Kilichopotea ni shilingi 180,000 tu, na hizo hakuzichukua kirusi, alizitoa yeye kwa mkono wake. Jambo hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Siku ya nne alikwenda kwa mwenyekiti wa kikundi, akasema yote. Mwenyekiti alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Dada, ungekuja Jumapili usiku, tungeipigia kampuni ya simu asubuhi. Sasa twende tukawaambie wenzetu."

Mkutano haukuwa mwepesi. Wako waliotaka aondolewe. Wako waliosema kwamba fedha ya kikundi haikopwi hata nyumba ikiungua, na katika hilo walikuwa na haki. Mwishowe iliamuliwa kwamba atalipa fedha zote kidogo kidogo kwa muda wa miezi sita, na kwamba kuanzia siku ile fedha za kikundi hazitatoka katika simu bila wanachama wawili kujua. Kisha mwanachama mmoja, mwuza samaki wa makamo, akasimama. Akaitoa simu yake ndani ya kanga, akasema kwamba onyo la namna hiyo lilimtokea hata yeye juzi, akalipa shilingi 40,000, akanyamaza. Wa pili akainua mkono. Halafu wa tatu.

Hapo ndipo ilipoonekana nguvu ya mwizi huyu ilipo. Haiko katika ujuzi wa kompyuta, kwa kuwa ujuzi wake ni mdogo. Imo katika hofu ya dakika kumi za mwanzo, na katika aibu ya siku nyingi zinazofuata. Hofu humfanya mtu alipe, nayo aibu humfanya anyamaze ili jirani yake naye alipe. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mwenye kuliona onyo la uongo na alifunge. Mwenye kudanganywa na aseme mapema, nyumbani, kikundini na polisi, ili mwizi abishapo hodi katika nyumba ya pili akute wenyeji wamekwisha kuijua sauti yake.